Mzuka Anayebisha Hodi

Mkokoteni ulishaondoka na viti vya banda la gemu. Ilibaki runinga na mashine yake, na Shekue, mwenye banda, alikuwa anangoja mkokoteni urudi avipakie ahame mji.

"Shekue mwanangu, leo nipe nicheze mimi," alisema Bi Mwanakheri, mshonaji wa jirani. Tangu gemu la kwanza mpaka hili la nne yeye alikuwa mtazamaji tu. Yote manne yalikuwa ya mzuka yule yule, mwanamke wa shela nyeupe anayepita nyumba kwa nyumba akibisha hodi, na wachezaji hutimua mbio.

"Umebaki uhai mmoja, bibi. Ukifa, anachotaka huyu mwanamke hatutakijua tena."

"Kwani sasa mnakijua? Kazi yenu kukimbia."

Shekue akamwachia acheze. Mlango wa kwenye kioo cha runinga ukagongwa. Vijana waliozoea kucheza pale wakapiga kelele. "Tokea dirishani, bibi! Dirishani!"

"Muuaji gani anabisha hodi? Huyu ana haja yake." Akabonyeza kitufe cha kufungua. "Karibu," akaiambia runinga.

Mzuka akaingia. Hakudhuru mtu. Akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akainua uso kama anayetaka kusema. Hapo mwenye mkokoteni, aliyerejea na haraka zake, akachomoa waya wa umeme.

Shekue alihama, akaiuza mashine, sasa ni kinyozi. Vijana wanatazama mpira kwingine. Bi Mwanakheri anashona bado. Yule mwanamke yuko pale pale kitandani, hajasema haja yake, na mlango haukufungwa.