Chupa Tatu za Maji

Chupa zilikuwa tatu. Msoma mita alizihesabu mara mbili, kama anavyohakiki mita za maji za watu, na bado zikawa tatu, zimepangwa mezani kando ya ramani ya hifadhi ya taifa.

Mkewe, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa bafuni anaimba. Hilo nalo lilimchoma. Ijumaa jioni, na rundo la madaftari ya kusahihisha linamngoja, mtu anaimbia nini?

Akainama asome yaliyoandikwa pembeni mwa ramani. Mwalimu ni mwalimu. Hata matembezi aliyaandaa kama somo. Njia ya Maporomoko, kilomita tatu. Saa mbili, lango kuu. Saa tatu, benchi la kwanza: mazungumzo. Saa nne, maporomoko: uamuzi.

Uamuzi!

"Kumbe kesho una safari," alimwambia mkewe alipotoka, akijitahidi kulainisha sauti.

"Safari gani? Nanyoosha miguu tu."

"Na nani?"

"Na mtu unayemfahamu." Mwalimu akaikunja ramani taratibu. "Wewe si kesho una suruali ya kupeleka kwa mshonaji?"

"Ndiyo. Upindo umefumuka."

"Pole. Suruali zako zinafumuka sana siku hizi."

Sahani ya chakula aliisukuma kando. Akilini mwake alikuwa ameshamkamata mgoni: si mwingine bali yule mwalimu wa michezo wa shuleni kwao, jitu lenye miguu kama nguzo. Bila shaka ndiye wa kumaliza chupa mbili peke yake. Miaka kumi na minne ya ndoa, mke aliyemuuguza homa akamkanda na mgongo, aje achukuliwe na mpiga filimbi! Alimpenda mkewe. Hakujua alimpenda kiasi hicho mpaka alipoziona zile chupa.

Akamwandikia mshonaji ujumbe kwamba kesho suruali haitakuja. Hakujibiwa.

Asubuhi alitoka wa kwanza, akaaga kama kawaida, kwapani amebeba suruali ya kahawia, ileile ya Jumamosi zote. Kwenye kona alipaswa kwenda kushoto. Akaenda kulia, akadandia gari la kwanza lililoelekea hifadhini.

Langoni alijibanza nyuma ya ubao mkubwa wa matangazo, wenye picha ya nyani na onyo la kutomlisha. Jua la asubuhi lilianza kumpiga kisogoni. Watalii wawili walisimama kumpiga picha yule nyani wa ubaoni, wakamwona msoma mita, wakapita.

Saa mbili kasorobo mwalimu akafika na kofia yake na mkoba. Akaenda dirishani, akakata tiketi, akasimama kando ya njia akitazama barabara. Alikuwa ametulia. Utulivu ule ndio uliomuuma mumewe kuliko chochote, maana mtu anayeiba huwa na wasiwasi kidogo, walau kwa heshima ya mwenye mali.

Alijipangia maneno. Kwanza angemuuliza yule jitu kama hana haya kuvunja nyumba ya mtu. Kisha angemgeukia mkewe na kumuuliza alimkosea nini. Hapo sauti yake ingetetemeka, aliona kabisa, na hakujali. Wacha itetemeke. Mke ni wake.

Teksi ikaja, ikasimama mbele ya lango. Mwalimu akasogea, akafungua mlango mwenyewe, akanyoosha mkono kumpokea mgeni wake.

Msoma mita akavuta pumzi, akakunja ngumi.

Akashuka mshonaji, na raba mpya miguuni.

Wanawake wawili wakasalimiana kwa kushikana mikono, bila kucheka wala kununiana. Mwalimu akampa chupa moja, akabaki na moja. Ya tatu akaiinua juu kuelekea kwenye ubao wa nyani, akaita kwa sauti ile anayowaitia watoto wa nyuma darasani:

"Mume wangu, toka huko. Maji yako haya. Na hiyo suruali njoo nayo, huo upindo leo tuutazame sote watatu."