Kipindi cha Viungo

Ratiba ya darasa la nne ilisema "Viungo", na kila Jumatano mwalimu mkuu, Bwana Kisusi, aliwapeleka watoto kupalilia tangawizi yake nyuma ya shule.

"Kwani hivi si viungo, Mwalimu?" alimwambia Mwalimu Mwanahawa, aliyefundisha mazoezi ya mwili, tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Vya chai na vya pilau!"

Mara ya kwanza Mwanahawa alicheka kwa adabu. Leo Bwana Kisusi aliurudia mzaha ule kando ya bustani, akicheka peke yake. Filimbi ilimning'inia Mwanahawa shingoni bure, na Tatu, mtoto wa miaka tisa, alichuchumaa juani, mgongo umepinda kama wa ajuza.

"Mwalimu, kukimbia tutakimbia lini?"

Mwanahawa akaishika filimbi.

"Wekeni majembe chini!" alisema. "Njooni mpange mstari hapa. Atakayeligusa lile goli kwanza ndiye mshindi."

Goli lilikuwa ng'ambo ya bustani. Kicheko kikamkatika Bwana Kisusi.

"Mwalimu! Hapo katikati si kuna tangawizi yangu?"

"Ndiyo, Mkuu. Viungo."

Akaitia filimbi mdomoni. Mstarini watoto walikwisha kuinama, miguu peku, vidole vimeuma udongo, wakimtazama.