Benchi la Nyuma

Benchi la nyuma lilikuwa limefutwa vumbi. Kila aliyeingia kanisani Jumapili ile alilitupia jicho, kisha akaharakisha kwenda kuketi mbali nalo. Kwa Wabaptisti wa vilima vya Portland, Jamaika, benchi hilo halifutwi bure. Likifutwa, kuna mtu aliyekutwa na dhambi wa kulikalia: hataimba kwaya, hatagusa kikombe cha Meza ya Bwana, na mchana watu watakula wali na maharage yao huku wakimtafuna yeye.

Doreth Pinnock alijua ni nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshtaki kwa mashemasi.

Usiku hakulala, asubuhi hakunywa chai yake ya mnanaa, na sasa alisimama mlangoni pa chumba cha kwaya akivutavuta mikono ya joho. Miaka nenda miaka rudi, yeye ndiye aliyeimba peke yake kila Jumapili ya Meza ya Bwana. Kisha akaja Kadian, binti mbichi wa miaka kumi na tisa, mwenye sauti ya kuwaliza hata walevi wapitao barabarani, na mchungaji akamwomba Doreth, kwa upole kabisa, arudi mstari wa pili awapishe vijana. Mstari wa pili! Tangu hapo aliona watu hawamsalimii kama zamani. Huenda walimsalimia vilevile, lakini wivu ni kidonda, na Doreth alishaanza kukonda.

Ndipo akamwona Kadian akitapika nyuma ya kanisa, na si mara moja.

"Mtoto wa watu kakukosea nini?" mama yake alimwuliza asubuhi ile, Doreth alipokuwa akimfunga vifungo vya gauni. Mama Ionie alikuwa na miaka themanini na ushee, mjane wa shemasi, na nafasi yake ilikuwa benchi la kwanza kabisa, karibu na mimbari. Wanawake wa huko wakiwakanya binti zao, jina lake ndilo walilolitaja kuwa mfano wa kuigwa.

"Sheria ni sheria, Mama. Tuivunje kwa kuwa ana sauti tamu?"

"Unataka sheria, au unataka kuimba?"

"Haya, umeshaanza!"

"Mimi? Mimi bado sijaanza," alisema bibi kizee, akajivika kofia yake.

Ibada ilikwenda, Doreth haisikii. Mahubiri yalimpita. Alikuwa akimtazama Shemasi Wilmot tu, na shemasi naye alipangusa miwani, akakohoa, akapangusa tena, mpaka Doreth akatamani kumsukuma. Hatimaye akasimama.

"Kadian Reid. Yanayosemwa ni kweli?"

"Ni kweli, Shemasi."

"Na umeolewa?"

"Kwani ulialikwa harusini?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kadian alivua joho lake la kwaya, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti cha mbele. Alipita katikati ya kanisa zima bila mtu kumtazama usoni, akaketi peke yake kule nyuma, mikono juu ya tumbo. Doreth alifurahi. Kisha akaona haya kwa kufurahi. Kisha akafurahi tena.

"Dada Doreth," mchungaji aliita, "tuimbie."

Alisimama mbele, pale pale pake pa zamani. Mashemasi walianza kupitisha vikombe. Mama Ionie alipofikiwa na sinia aliipitisha kwa jirani bila kuchukua, kama desturi yake. Nani asiyejua kwamba maji ya zabibu yalimchoma tumbo? Doreth akavuta pumzi, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulitoka safi, nyuso zote zikiwa kwake. Lo, jinsi alivyozikosa nyuso hizo! Alifumba macho kidogo kuonja raha yake.

Alipoyafumbua, kichwa kimoja kilikuwa kimegeuka nyuma. Kisha cha pili. Kisha benchi zima. Doreth alipandisha sauti. Alidhani ni yule binti tena, labda analia, labda anajitia kuimba ili kumharibia. Lakini Kadian alikuwa kimya kabisa.

Aliyekuwa akitembea ni mama yake. Fimbo mkononi, kofia kichwani, taratibu, akielekea mlangoni. Doreth alichomwa na aibu: yaani haja imeshindwa kungoja beti mbili tu? Akaendelea kuimba. Mama Ionie alifika mlangoni, hakutoka. Alikata kushoto, kwenye benchi la nyuma. Kinanda kikanyamaza, na Doreth naye akakwama katikati ya neno.

Shemasi Wilmot alimkimbilia, sinia bado mkononi. "Mama Ionie, mama yetu, umepotea njia. Nafasi yako iko mbele. Hapa ni pa..."

"Pa nani napajua, Wilmot. Nipishe."

Akampisha. Bibi kizee aliegemeza fimbo yake ukutani, akamgusa Kadian begani, akasema kwa sauti iliyofika hadi mimbarini:

"Nisogezee kidogo, mjukuu wangu. Hapa ndipo nilipotakiwa kukaa tangu siku niliyofungishwa ndoa, na Doreth yumo tumboni."