Mwalimu wa Mifuko ya Unga

Siku hizi mzazi akitaka kuwa mwalimu haendi chuoni. Anavalishwa kofia maalumu, na kumbukumbu zake za kuwafundisha watoto wake zinageuzwa kuwa ujuzi. Ujuzi unabaki, kumbukumbu zinaondoka.

Mama yangu, Veridiana, alivalishwa akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kutulea watoto wanne. Nilimsindikiza mwenyewe. "Nimewapikia ninyi miaka thelathini," aliniambia njiani. "Na mimi niitwe mwalimu kabla sijafa." Ningemkatalia kwa mdomo gani?

Jumapili nilikwenda Singida kumsalimia. Nilimkuta jikoni anasonga ugali, uso unamng'aa.

"Asteria mwanangu, darasa la kwanza wanasoma! Nimewabandikia mifuko ya unga ukutani. Wanaanza na 'unga', wakiliweza wanakwenda 'sembe'. Hata sijui wazo lile nimelitoa wapi."

Mimi nilijua. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka minne, nimekalia ndoo iliyofudikizwa jikoni humo humo, yeye akinionyesha herufi za mfuko wa unga kwa ncha ya mwiko.

"Wewe alikufundisha nani kusoma?" akaniuliza.

"Mwalimu mmoja hivi, mama. Alikuwa hodari sana."

Akaninyooshea ncha ya mwiko, akacheka. "Basi unikutanishe naye. Mimi bado mgeni kazini, nina mengi ya kumwuliza."