Kipaza Sauti cha Makungu

Picha ilikuwa ya Uswidi, ya kale, mojawapo ya zile za mwanzo kuongea, na ukumbini hakuna aliyejua Kiswidi. Hata Makungu mfasiri hakukijua. Yeye husimama kando ya pazia la sinema na kipaza sauti, akiwatungia waigizaji maneno, na watu huja kwa ajili ya hayo.

Jioni hiyo binti wa kwenye picha alipomshika mchumba wake mkono, Makungu akabana sauti: "Nioe hivyo hivyo, bila mahari! Ukiniacha nakunywa sumu!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Sikudhani. Uchumba wake na Makungu ulikuwa umevunjika juzi tu, na mji bado haujajua nani kamwacha nani.

"Kumbe ulifika huko, shoga?" jirani yake akamnong'oneza.

Sikudhani akakanyaga miguu ya watu mpaka mbele, akampokonya Makungu kipaza sauti. Kwenye pazia, mwanamume akapiga magoti. Sikudhani akamsemea kwa sauti nzito, inayotetemeka kwa hasira:

"Sikudhani, usiniache! Nimelia mlangoni kwenu mpaka mama yako kanipa kanga nipanguse makamasi!"

Watu wakaangua kicheko, wakapiga viti.

"Lete hicho!" Makungu akafoka.

"Hebu kaa chini, baba! Picha ndiyo kwanza inanoga," mama mmoja akamkemea.

Uso wa binti ukajaa pazia zima, ukimtazama aliyepiga magoti. Sikudhani akasogeza kipaza sauti mdomoni, akamsubiri binti afumbue kinywa.