Ngiri Ang'oa Masale ya Mpakani

Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ngiri mwenye tamaa alipakana na Pelele, mnyama mdogo wa mitini mwenye maneno. Mpaka wao ulikuwa mstari wa mimea ya masale, na mparachichi wa Pelele ulisimama karibu nao.

"Matawi yananijia mimi, basi mti ni wangu," Ngiri alizoea kusema.

Siku moja Pelele alipokwenda sokoni, Ngiri akayang'oa masale kwa meno ili ayapande ng'ambo ya mti. Alipovuka nayo, kinywa kimejaa, akakutana uso kwa uso na Pelele, aliyekuwa akirudi na majirani.

Huko kwao, anayekujia na masale anaomba radhi, na kuyaangusha kabla hajasamehewa ni mwiko mkubwa.

"Jamani, shuhudieni!" Pelele akapaza sauti. "Jirani amekuja kukiri kuwa mti ni wangu!"

Ngiri alitaka kubisha, lakini angefunguaje kinywa? Akaguna tu.

"Anasema hatarudia tena," Pelele akawafafanulia. "Nimekusamehe, baba! Kayapande yalipokuwa."

Vigelegele vikapigwa. Ngiri akayarudisha masale kwa aibu, akapewa parachichi moja la kutuliza roho.

Hilo parachichi, nakiri, nimelitia mimi. Pelele hakumpa hata kokwa.