Bafa Isiyooshwa

Sura za watu wa asubuhi ziligoma kutoka kwenye skrini.

Rajab alilijua kosa. Skrini ile kubwa ya mikutano aliiunga mwenyewe, akaiandikia na draiva, programu inayoiamrisha ichore picha. Kumbukumbu ilikuwa haba, basi bafa zake, yaani vyombo vya kupakulia picha, zilikuwa tatu tu za kupokezana: moja ikishatumika, inarudi kupakuliwa picha nyengine. Tabu ni kwamba draiva ilikuwa haizioshi. Picha mpya ikichelewa kidogo, lo, ukoko wa ile ya zamani unabaki mbele za watu!

Na leo si siku ya ukoko. Asubuhi skrini ilikuwa kijijini Ole, kwa chama pinzani. Alasiri hii iko Gando, kwa chama cha Mzee Hamood, mtu asiyepokea hata chai mkononi mwa mpinzani. Tena ndiye baba yake Wafa, na posa ya Rajab hajaijibu tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi.

"Sikiliza weye," mzee alimwambia. "Ikitokea sura moja tu ya wale watu hapa kwangu, Wafa msahau, na barazani kwangu usipite."

Wafa, aliyesoma naye kompyuta, alimkuta nyuma ya jukwaa jasho linamtoka. Alikuwa anarudisha bakuli la mamake Rajab, ndani kaweka mkate wa kumimina.

"Mbona umelijaza?"

"Kwetu chombo hakirudi kitupu. Na hivyo vyako?"

"Hivi lazima virudi vitupu. Nishaosha viwili, kimebaki kimoja."

"Niachie miye. Weye kale mkate."

Rajab akala. Jamani, njaa haina adabu! Wafa akakaa kwenye kompyuta, akaitazama skrini, akacheka peke yake.

Uwanja ukiwa bado mtupu, Mzee Hamood akaja kukagua. Rajab akabonyeza. Bafa ya kwanza, nyeupe pe. Ya pili, nyeupe pe. Ya tatu, lo! Sura ilikuwapo, moja tu.

Kofia ya chama cha Ole kichwani, mkono umezama kwenye sinia la pilau, mashavu yamejaa: Mzee Hamood.

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Ioshe upesi," akanong'ona, "mkwe wangu."